Tafakari ya Juma: Kama Hakuwa na Dhambi, Yordani Alifuata Nini?

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi iliyopita, katika darasa la kipaimara, tulikuwa tukisoma Mathayo sura ya 3, na tulipofika mstari wa 13 binti mmoja ambaye kwa kawaida hukaa kimya karibu na dirisha alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, ubatizo wa Yohana ulikuwa wa toba, na Yesu hakuwa na dhambi. Sasa alienda Yordani kutubu nini?" Nilimjibu kwa haraka kwamba Bwana alitaka kutuachia mfano wa kufuata. Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni na si la uongo, lakini niliona usoni mwake kwamba halikumtosha, na nilipofika nyumbani nikatambua kuwa hata mimi halinitoshi. Maana anayetubu kwa ajili ya kuonyesha mfano tu, ilhali hana cha kutubia, anaigiza, na Bwana wetu hakuwa mwigizaji.

Swali lenyewe ni la zamani. Yohana Mbatizaji alilisema akiwa bado amesimama majini: "Mimi nahitaji kubatizwa na wewe, nawe waja kwangu?" Mtakatifu Yeronimo, akiandika mwanzoni mwa karne ya 5, ananukuu injili moja iliyotumiwa na Wakristo wa Kiyahudi, isiyomo katika Biblia yetu, ambamo mama yake Yesu na ndugu zake wanamshauri waende wote kwa Yohana wakabatizwe, naye anawauliza ametenda dhambi gani hata aende kubatizwa. Ni dhahiri kwamba jambo hili liliwasumbua waumini wa awali kama linavyomsumbua binti yetu. Pamoja na hayo, Mathayo, Marko na Luka hawakulificha wala kulipunguza. Wote watatu wanasema alibatizwa.

Jibu la Yesu mwenyewe ni fupi: "Kubali hivi sasa, kwa kuwa ndivyo itupasavyo kuitimiza haki yote." Kwa miaka mingi niliyapita maneno haya nikidhani haki hapa ni taratibu za dini zinazopaswa kukamilishwa. Juma hili nimeyafuatilia kwa karibu. Neno linalotafsiriwa haki, katika Kigiriki cha Mathayo, linatokea mara 7 katika Injili yake. La kwanza ni hili la Yordani. La mwisho liko sura ya 21 mstari wa 32, ambapo Yesu, akiwa hekaluni, anawaambia wakuu wa makuhani na wazee kwamba Yohana alikuja kwao "kwa njia ya haki", nao hawakumwamini, lakini watoza ushuru na makahaba walimwamini.

Hapo ndipo nilipowaona waliokuwa wamepanga foleni kando ya mto. Luka anatuonyesha watoza ushuru wakimwuliza Yohana wafanye nini, naye akiwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa; anatuonyesha askari wakiambiwa wasidhulumu mtu na watoshewe na mshahara wao. Anatuambia pia, katika sura ya 7, kwamba Mafarisayo na wanasheria walikataa kubatizwa na Yohana. Foleni ile, basi, ilikuwa imejaa watu wenye majina mabaya mjini, na wenye majina mazuri wengi walikuwa wamebaki pembeni. Yesu alitoka Nazareti kwa mwendo wa siku kadhaa, akashuka katika bonde ambalo, kuelekea Bahari ya Chumvi, liko takriban mita 400 chini ya usawa wa bahari, akajiunga nao. Luka anasema alibatizwa "watu wote walipokwisha kubatizwa". Hakutengewa siku yake wala maji yake.

Nikumbuke jambo moja hapa. Miaka ya mwanzo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kliniki ya CTC, yaani ya matibabu ya wenye virusi hivyo, katika hospitali ya kwetu ilikuwa na benchi la mbao lililotazama barabara, na kila aliyepita aliwajua waliokaa pale na sababu iliyowakalisha. Asubuhi moja nilipita kwa baiskeli nikamwona mchungaji wetu ameketi katikati ya benchi, kofia mapajani, kadi ya kliniki mkononi. Nilimfikiria vibaya, na sikuwa peke yangu, kwa kuwa kabla ya jioni habari ilikuwa imeenea mtaa mzima. Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba kadi ilikuwa ya mama mjane aliyeketi ubavuni pake, aliyekuwa ameapa kuwa ni heri afe kuliko kuonekana pale peke yake. Mchungaji hakuwahi kumweleza mtu. Yule mama yu hai hadi leo.

Mfano huu una mpaka wake, na ni lazima niuseme. Mchungaji aliazima aibu ya mjane kwa asubuhi kadhaa, lakini hakuweza kuuchukua ugonjwa wake. Yesu hakuishia kukaa nasi benchini. Miaka michache baada ya Yordani aliwaambia wanafunzi wake: "Nina ubatizo unipasao kubatizwa, nami nina dhiki kama nini hata utimizwe!" Hapo alikuwa akisema habari za kifo chake. Kwa hiyo alipozama mtoni alikuwa ameanza njia iliyomfikisha Golgotha, katikati ya wanyang'anyi wawili, na lile neno la haki Paulo analifikisha mwisho wake: "Yeye asiyejua dhambi alimfanya kuwa dhambi kwa ajili yetu, ili sisi tupate kuwa haki ya Mungu katika Yeye." Hakwenda kuoshwa. Alikwenda kuingia katika maji yetu, na Baba akasema juu yake hapo hapo, kabla hajahubiri wala kuponya mtu: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye."

Jana nilikutana na yule binti nje ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya, nikamweleza haya yote tukiwa tumesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwalimu, alijua amesimama nyuma ya nani?" Nilifungua Biblia, Yohana 1:26, nikamwonyesha kwa kidole maneno ambayo Mbatizaji aliwaambia waliotumwa kutoka Yerusalemu, akayasoma mwenyewe kwa sauti: "Katikati yenu amesimama yeye msiyemjua ninyi."