Mti wa upinde: tazama nyuzi kabla ya jina

Anayeanza kuchonga pinde huuliza kwanza jina la mti. Tunaona ni heri aanze na mipini: mti ambao watu wa karibu nawe huutegemea kwa mpini wa shoka au jembe umeshathibitisha kwamba haukatiki ovyo. Huo ndio wa kujaribu.

Upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, hunyooshwa kwa nguvu, na tumbo, upande unaomtazama mpigaji, hubanwa. Mgongo ukishindwa, upinde hukatika ghafla. Tumbo likishindwa, huota vimistari vya mikunjo, au upinde hubaki umepinda hata ugwe (kamba yake) ukifunguliwa.

Kwa hiyo kagua unyofu wa nyuzi, yaani mistari ya mti inayokwenda kwa urefu wake, kabla ya kukata. Soma gome: mipasuko yake ikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimesokotwa, achana nao. Tafuta shina la kipenyo cha sentimita 10 hadi 15, lisilo na mafundo kwa urefu wa sentimita 180. Mvuto (umbali wa kuvuta ugwe) wa sentimita 70 unahitaji upinde wa sentimita 165 hivi. Ziada ni ya ncha zitakazopasuka. Shina la sentimita 5 pia linafaa, ila halipasuliwi pande nyingi.

Pasua kwa kabari, usipasue kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi, msumeno huzikata. Uso ulio chini ya gome ndio uwe mgongo, na usiuguse kwa randa wala panga. Pinde nyingi za wanaoanza hukatika hapo: mgongo umesawazishwa upendeze, nyuzi zimekatwa, kibanzi kikainuka. Fundo dogo liache na nyama kidogo kuzunguka.

Siku ileile ya kukata, paka ncha zote mbili gundi ya mbao au rangi nzito. Ukimenya gome, paka na mgongo. Chonga umbo la awali, nene bado, kisha weka kivulini penye hewa. Pima uzito kila wiki. Usipopungua tena kwa wiki tatu, mti umekauka kulingana na hewa ya hapo. Uliovutwa ukiwa mbichi hupinda moja kwa moja, na hakuna kuchonga kutakakourudisha.

Sasa uzito wa mti wenyewe. Kata kijiti kikavu, kinyoofu, cha sentimita 10, chenye unene sawa, ukiache kielee wima kwenye chupa nyembamba ya maji na usome haraka kabla hakijanyonya. Sentimita 7 zikizama, msongamano wake ni kama 0.7 ya ule wa maji. Mti wa namna hiyo unaweza kuwa na mikono (sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya kishikio) ya upana wa sentimita 4. Wa 0.5 au 0.55 upe 5 hadi 6. Usijaribu kufidia wepesi kwa unene: unene ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara nane, na tumbo hubanwa kupita uwezo wake. Upana ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara mbili tu, na mzigo hugawanywa kwenye nyuzi nyingi zaidi.

Mti mwepesi uliopewa upana wake hupiga vizuri kabisa. Mti mzito wenye nyuzi zilizokatwa utavunjika mkononi, hata uwe na sifa gani.