Siku moja ya BTP: Jumanne ya wiki ya tatu

Wiki ya kwanza ya BTP (Block Teaching Practice), yaani mazoezi ya kufundisha ya mwanachuo wa ualimu, unakaa nyuma ya darasa na kutazama. Ya pili unasimama mbele, mwalimu wa somo akiwa nyuma. Ya tatu unaachiwa darasa, na hapo ndipo BTP inapoanza kweli. Siku inayofuatwa hapa ni Jumanne ya wiki hiyo, katika shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara. Kwenye ratiba kuna Hisabati Darasa la Tano na Kiswahili Darasa la Tatu. Kuna na mengine ambayo ratiba haiyataji.

Saa 11:30 alfajiri

Begi limepangwa tangu usiku, asubuhi ni kuhakiki tu: andalio la somo lenye tarehe ya leo, azimio la kazi, kitabu cha kiada, kalamu nyekundu mbili, rula, bahasha ya zana, chupa ya maji. Chaki nne nyeupe na mbili za rangi ziwe ndani ya kopo la plastiki zisivunjike. Chaki za shule hukaa kabatini, na mwenye ufunguo anaweza kuwa bado njiani kengele inapogongwa. Kitabu kikiadimika, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba mtandao bila malipo. Pakua mapema, ukiwa mahali penye mtandao.

Saa 1:00 asubuhi

Kwanza saini kitabu cha mahudhurio ya walimu. Mwalimu mkuu akishapiga mstari mwekundu, jina lako linakwenda chini yake, na ukurasa huo mkufunzi wa chuo atauona. Wanafunzi wako kwenye usafi: wengine wanafagia, wengine wanateka maji ya chooni. Zunguka nao. Mtoto uliyemsalimia kwa jina akiwa na fagio mkononi hakusumbui darasani saa mbili baadaye.

Saa 1:30 ni paredi: wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha na nywele, matangazo. Wachelewaji hupangwa pembeni, na hapo mara nyingi mwanachuo hukabidhiwa fimbo. Usiipokee. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari la viboko. Mwanachuo hayumo. Jibu kwa heshima, "Samahani mwalimu, chuo hakituruhusu," kisha chukua orodha ya wachelewaji uwaulize mmoja mmoja wanatoka wapi. Wengi utakuta wanatembea mwendo mrefu, au wameachiwa wadogo zao.

Saa 2:40: Hisabati, Darasa la Tano

Walioandikishwa ni 84, waliopo 79, madawati 21. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja na dawati moja kwa wanafunzi watatu, lakini tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka haraka kuliko vyumba na walimu. Dawati la watatu linakaliwa na wanne, na wa pembeni anaandika kiwiko kikiwa hewani. Mwandiko wake mbaya si uzembe. Wabadilishe nafasi kila wiki.

Andalio linasema utangulizi dakika 5, maarifa mapya 15, kuimarisha maarifa 12, tafakuri 4, hitimisho 4. Jumla 40, na kwenye karatasi inapendeza. (Majina ya hatua hubadilika mtaala unapobadilika, fuata fomu ya chuo chako.) Ambacho hakimo ni dakika 3 za kumsubiri mwalimu aliyetangulia atoke, dakika 1 ya "Shikamoo mwalimu" na kukaa, na dakika 6 za kugawa madaftari ukiyagawa mwenyewe. Robo ya kipindi imekwisha hujaandika neno. Dawa yake ni kuyapanga madaftari kwa safu wakati wa kusahihisha na kumpa kiongozi wa kila safu rundo lake kabla ya kengele. Kazi ya dakika 6 inakuwa ya dakika moja na nusu. Hata hivyo, panga shughuli za dakika 35, zisifike 40.

Ubao unafutwa kutoka juu kwenda chini, maana kufuta kwa kuzungusha hujaza vumbi la chaki kwenye koo lako na la watoto wa mbele. Ugawe mara tatu: kushoto tarehe na msamiati, katikati mfano unaofanyiwa kazi, kulia zoezi. Andika mstari mmoja, kisha nenda dawati la mwisho ukautazame. Kwenye ubao wa saruji uliopakwa rangi kuna upande unaong'aa kwa mwanga wa dirishani, na walioketi mkabala wake hunakili kwa jirani badala ya ubaoni, makosa ya jirani yakiwemo.

Mada ni kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti. Kosa litakalotokea linajulikana kabla hujaingia: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto amejumlisha namba nzima miaka minne, kwa hiyo anajumlisha za juu, anajumlisha za chini, anafurahi. Ukimwambia "hapana, tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika) atatii leo, na kesho atarudia kosa lilelile, kwa sababu hajaona ubaya wa jibu lake.

Muonyeshe kwa mkanda wa karatasi. Kata mikanda 21 ya manila, mmoja kwa kila dawati, urefu sentimita 30 kamili, upana 3. Usitumie karatasi ya A4 bila kupima: urefu wake ni sentimita 29.7, na hizo milimita 3 zitazua ubishi kwenye rula. Kila mkanda uwe na alama nyepesi za penseli kwenye 10 na 20, maana kukunja mara tatu sawasawa ni kugumu kwa mtoto. Usipoweka alama, nusu ya darasa itakunja mara nne.

Kila dawati linakunja mkanda katikati na kupima nusu: sentimita 15. Wanapima theluthi: sentimita 10. Jumla 25. Sasa andika ubaoni jibu lao, 2/5, uwaulize mbili ya tano ya sentimita 30 ni ngapi. Wanagawa kwa 5, wanapata 6, wanazidisha kwa 2, wanapata 12. Halafu nyamaza. Tulikuwa na nusu, yaani 15, tukaongeza theluthi, tukapata 12? Utaona vichwa vikiinama kwenye mikanda na vidole vikirudi kwenye rula. Mmoja atasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, imepungua." Hapo ndipo KDS inapata kazi: tunatafuta kipande kinachopima nusu na theluthi bila kubaki. Ni cha sentimita 5, vipo 6 kwenye mkanda. Nusu inachukua vitatu, theluthi viwili, jumla 5/6. Rula nayo inasema 25.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto hurefuka na wengi zaidi hujaribu. Kwa mwanachuo sekunde tatu ni kama mwaka, kwa hiyo anajijibu mwenyewe, halafu anauliza, "Tumeelewanaaa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Hiyo "ndiyo" haina habari yoyote ndani yake. Wataitikia hivyo hivyo hata ukiwaambia 2/5. Badala yake andika swali moja, wape dakika mbili, pita ukitazama madaftari kumi, mawili kwa kila safu na ya ziada kutoka nyuma. Ukikuta saba wamekosea, funga zoezi, rudi kwenye mkanda. Andalio halitakulaumu.

Mvua ikianza kupiga bati, acha kushindana nayo. Koo litakufa na hakuna atakayesikia. Hamishia kila kitu kwenye maandishi, upite dawati kwa dawati.

Saa 3:20

Vipindi viwili huna, kimoja kabla ya uji na kimoja baada yake: dakika 80. Madaftari 79, maswali 5 kila moja, majibu 395. Kwa dakika moja kila daftari ni saa 1 na dakika 19, kwa hiyo hesabu inatosha kama utaanza sasa hivi. Anza na swali la 3 kwa madaftari yote ndipo uende swali lingine? Hapana, utapoteza muda kufungua na kufunga. Maliza daftari moja moja, lakini uwe na karatasi pembeni yenye safu tatu: waliopata, waliojumlisha asili kwa asili, waliokosea kitu kingine. Piga kijistari kila unapofunga daftari. Karatasi hiyo ina thamani kuliko alama zenyewe.

Saa 4:00 uji unagawiwa. Kunywa maji, kula, keti. Ofisini viti huwa havitoshi. Chini ya mwembe panatosha.

Saa 5:10: kipindi ambacho si chako

"Mwalimu wa BTP, hebu kaa na Darasa la Sita, mwalimu wao kaitwa kwenye kikao." Utaambiwa hivi mara nyingi, na wengi hukubali bila mpaka hadi wanafundisha vipindi saba kwa siku na andalio lao linakuwa la kubahatisha. Nionavyo mimi, kimoja kwa siku ni ukarimu, vinne ni kuharibu mafunzo. Mweleze mwalimu mlezi, siyo aliyekutuma, ndiye mwenye sauti ya kukusemea. Kwa hicho kimoja, kaa na kazi ya akiba: kifungu cha habari cha kusoma kimyakimya na maswali matano, au mafumbo ya hesabu kumi.

Saa 5:50: Kiswahili, Darasa la Tatu

Dakika ya tano mlango unafunguliwa: mkufunzi. Watoto wanasimama, wanaamkia, anakwenda nyuma na fomu yake. Usianze upya somo kwa ajili yake. Ataomba faili, na atatazama kwanza tarehe, kisha idadi ya waliohudhuria, kisha kama ulichoandika ndicho unachofanya. Maandalio mengi huanguka hapo: idadi imeachwa wazi, au zana imeandikwa na haipo mezani. Ataandika pia kama umemuuliza msichana wa nyuma au unawarudia wale watano wa mbele wanaonyoosha mkono hadi dawati linatikisika. Mchoro wa nani kaketi wapi, majina yote, uliobandikwa ndani ya jalada la andalio, unakuokoa. Baada ya kipindi sikiliza maoni yake ukiandika. Usijitetee hata pale unapodhani amekosea, uliza tu, "Ungenishauri nifanyeje pale?"

Saa 8:30 mchana

Watoto wanaenda michezoni. Kwenye andalio kuna nafasi ya tathmini, na sentensi inayoandikwa sana pale ni "Somo limeeleweka vizuri." Chukua ile karatasi ya vijistari. Tathmini inaandikwa hivi: "Kati ya wanafunzi 79 waliohudhuria, 48 wamepata maswali 3 au zaidi kati ya 5. Wanafunzi 31 bado wanajumlisha asili kwa asili, wengi wao safu ya dirishani." Upande wa mwalimu: "Nilitumia dakika 22 kwenye mikanda badala ya 15, maswali ya zoezi yapunguzwe kuwa matatu." Sasa kesho ina pa kuanzia. Saini shajara ya darasa, mwonyeshe mwalimu mlezi, rudisha madaftari yakiwa yamepangwa kwa safu.

Saa 2:00 usiku

Andalio la Jumatano. Wale 31 hawahitaji somo jipya wala kukaripiwa. Wanahitaji zana ileile ya mkanda na swali jepesi kidogo, 1/2 + 1/4, ambalo asili moja inaingia ndani ya nyingine. Urefu wa sentimita 30 haugawanyiki kwa 4 bila nusu sentimita, kwa hiyo mikanda mipya inakatwa ya sentimita 24: nusu 12, robo 6. Mikanda 21, penseli, mkasi, bahasha. Kisha chaki ndani ya kopo.