Adui wa Riverdale si Reggie

Ukianza ubishi wa nani adui kwenye katuni za Archie, zile za Kimarekani za vijana wa shule wa mji wa Riverdale, jina la kwanza kutajwa ni Reggie Mantle. Hata mtoto wa kaka yangu, ambaye ameanza kuvisoma vitabu vyangu likizo hii, alimaliza kimoja, akakifunga na kutoa hukumu papo hapo: "Shangazi, adui ni huyu mwenye nywele nyeusi." Namwelewa. Reggie amechorwa ili umchukie. Nywele zimelazwa vizuri, nyusi ziko juu, na kioo hakipiti bila yeye kujitazama. Akiingia kwa Pop Tate, mwenye mgahawa wanakokutana vijana wale, kuna mtu atabaki na bili isiyo yake. Lakini katuni hizi nimekua nazo, nazipenda kwa moyo wote, na siwezi kunyamaza huyu kijana akiendelea kubebeshwa mzigo ambao si wake.

Tuanze na alivyofika pale. Archie Andrews alitokea mara ya kwanza kwenye Pep Comics namba 22, toleo la Desemba 1941, akiwa kihadithi kidogo ndani ya kitabu cha mashujaa wa barakoa na ngumi. Mchoraji alikuwa Bob Montana, na kampuni ilikuwa ikiitwa MLJ. Kijana wa nywele nyekundu na madoadoa usoni akawafunika mashujaa wote wale, mpaka mwaka 1946 kampuni yenyewe ikachukua jina lake. Betty Cooper, msichana anayempenda Archie, na Jughead, rafiki yake Archie, walikuwamo tangu siku ya kwanza. Veronica Lodge, binti tajiri ambaye Archie na Reggie wanamgombea, na Reggie mwenyewe waliletwa mwaka uliofuata, 1942, na hilo ndilo ninalotaka ulishike. Watu wema walikuwepo tayari, mji wa Riverdale ulikuwepo, gari bovu la Archie halikuchelewa kufika, na bado ndani ya miezi michache waandishi waliona hadithi haiendi bila mtu wa kuitia chumvi. Katuni ya mashujaa ina jambazi wa kuvunja benki. Katuni ya vijana wanaokunywa maziwa ya chokoleti inampata wapi jambazi? Ikampa kazi hiyo Reggie.

Na kazi anaifanya. Mimi vitabu vyangu nilivinunua kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta, vile vidogo vya kushika kiganjani ambavyo Wamarekani walikuwa wakivikuta kwenye kaunta ya supamaketi. Vilifika Dar vimechoka, bei ya dola bado iko kwenye jalada, jina la mtoto wa huko limeandikwa kwa kalamu ndani. Kimoja kilikuwa kimechanika katikati, hadithi moja ikakosa ukurasa wake wa mwisho. Reggie amemdanganya Archie kwamba Veronica anamsubiri ufukweni, kisha yeye huyo, na maua mkononi, mlangoni kwa akina Lodge. Ukurasa unaofuata ulikuwa wa hadithi nyingine kabisa. Kwa miaka yote niliyokuwa na kitabu kile Reggie alishinda. Alibaki pale mlangoni anatabasamu, na nakumbuka jinsi ilivyokuwa ajabu kumwona hivyo, kwa sababu kwenye hadithi nzima nzima Reggie huwa hashindi. Kwenye kisanduku cha mwisho analowa, anaanguka, anacheleweshwa shule baada ya masomo, maua yanaliwa na mbuzi.

Huo ndio utetezi wangu wa kwanza: Reggie analipa, na analipa siku hiyohiyo. Wa pili ni kwamba hajifichi. Anasema anavyojipenda, anasema anamtaka Veronica, anasema atamzidi Archie akili. Wa tatu, mtazame anakokaa. Meza ni ileile kwa Pop, na bendi yao ilipoanzishwa yeye alipiga gitaa la besi. Adui gani anapiga besi kwenye bendi ya stelingi? Kampuni yenyewe, karibu na mwaka 1950, ilimpa kitabu chake na kuandika kwenye jalada kwamba ni mshindani wa Archie. Ndivyo alivyo. Ni mshindani mwenye fitina, na kila darasa nililokaa lilikuwa na wa aina yake.

Wakubwa je? Mtoto wa kaka alihamia kwa Mwalimu Mkuu Weatherbee, akitoka hapo akaenda kwa Bwana Lodge, baba yake Veronica, tajiri asiyetaka kumwona Archie akikanyaga zulia lake. Hawa nao nawatoa, na kwa sababu ya kihistoria kabisa. Mwaka 1954, baada ya wazazi kupiga kelele na Seneti ya Marekani kuwaita watu kuwahoji juu ya katuni na uhalifu wa watoto, wachapishaji walijitungia kanuni. Aliyekiongoza chama kilichozisimamia ni John Goldwater, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Archie. Kanuni zilidai wema ushinde uovu kila mara, na zilikataza polisi, mahakimu, viongozi wa serikali na taasisi zinazoheshimika kuchorwa kwa namna ya kuwavunjia watu heshima nazo. Kampuni ya Archie ilikaa chini ya kanuni hizo mpaka mwaka 2011. Kwa hiyo Weatherbee anaweza kumwagikiwa rangi, kugongwa na mpira, kuteleza ngazini, lakini hawezi kuwa mtu mbaya. Amekingwa. Bwana Lodge naye akikasirika sana anamtupa Archie nje, na ukimtazama vizuri ni baba anayemlinda binti yake na vyombo vyake vya kaure. Archie huvunja vyombo kweli.

Kwa Veronica ndipo wasomaji wengi wa kike wanaposimama, na hapa naongea kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi ni wa upande wa Betty tangu mwanzo. Veronica ana pesa, na anazitumia. Betty ameoka keki usiku kucha, Veronica anafika na tiketi za tamasha. Lakini tafuta hadithi ambamo Archie hayumo. Wale wasichana wawili wako dukani, au ufukweni, au chumbani kwa Veronica wanajaribu nguo, na wanapendana hasa. Ukimwona Veronica anaposikia kuna mtu kamsema Betty vibaya, hutamwita adui tena. Mwaka 1982 waandishi walimleta Cheryl Blossom, tajiri mwingine, mwenye nywele nyekundu, anayewadharau watoto wa shule ya mjini, na nadhani waliona kwamba Veronica ameshakuwa mwema mno kwa kazi ile. Cheryl alitoweka baadaye, akarudishwa mwaka 1994 kwa kishindo, na naye akaishia kupata kitabu chake na mashabiki wake. Katuni hii inawalainisha wote.

Basi Archie. Siku hizi ndilo jibu la vijana wengi: adui ni stelingi mwenyewe, anayewachezea wasichana wawili kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 2009, kwenye toleo la 600 la kitabu cha Archie, alimchumbia Veronica, na wasomaji wa Betty walilalamika mpaka magazeti yakaandika. Waandishi wakaigeuza hadithi hiyohiyo, wakamwozesha na Betty pia kwenye njia nyingine ya maisha. Hata ndoa hakuchagua! Nakubali kwamba anamuumiza Betty. Betty anamtengenezea gari, anamfundisha hesabu, na jioni ya dansi anaachwa. Ila kuna jambo limenizuia siku zote kumhukumu Archie, nalo ni kwamba Betty anasikika. Analia tunamwona. Ana shajara yake, na miaka ya 1980 shajara hiyo ilifanywa kitabu kizima. Anapanga, anakasirika, anamwambia Archie usoni, siku nyingine anampiga chini na kwenda zake. Aliyeumizwa ana mdomo, na sisi wasomaji tumekuwa upande wake wakati wote.

Sasa mtazame Midge.

Midge ni yule msichana wa nywele fupi nyeusi, mpenzi wa Moose. Moose ni lile jitu la timu ya mpira, zito la akili, linaloanza kila sentensi kwa "Duh". Mpango wa hadithi zao unaujua. Reggie ameegemea kabati la vitabu, anamchekesha Midge. Kisanduku cha pili, kivuli kinaangukia ukutani nyuma yake. Cha tatu ni vumbi, nyota na kiatu kimoja hewani. Cha nne Reggie yumo ndani ya pipa la taka, na Moose anaondoka akiwa amemshika Midge mkono. Sisi tunacheka. Nilicheka miaka na miaka. Lakini weka kidole juu ya Reggie umfunike, umwangalie yule msichana peke yake. Kwenye kisanduku cha kwanza alikuwa anaongea na mwanafunzi mwenzake, basi. Kwenye cha tatu ameweka mikono mashavuni. Kwenye cha nne anavutwa. Neno hajasema.

Moose hahitaji Reggie awe na nia mbaya. Mvulana mwingine akimuuliza Midge saa ngapi, kapigwa. Akimwokotea kitabu, kapigwa. Mji mzima unajua, na unapanga maisha yake kukwepa ngumi ile: wavulana wanamkimbia Midge korido nzima, na hiyo nayo imefanywa kichekesho. Zipo hadithi ambamo Midge anachoshwa na wivu huo na kumwacha Moose. Kurasa zikiisha wamerudiana, kwa sababu hadithi fupi za namna hii lazima zirudi pale zilipoanzia ili toleo lijalo liweze kuanza.

Kinachoniuma zaidi ni matumizi ya ngumi ile. Ndiyo hukumu ya Riverdale. Waandishi wakitaka Reggie alipe na ukurasa umebaki mmoja, wanamwita Moose. Kanuni zile za 1954 zilimlinda mwalimu mkuu, zilimlinda polisi, zilitaka mkosaji aadhibiwe, na mkono wa kuadhibu ukawa ni wa kijana mwenye wivu. Wivu wake ukapata baraka. Reggie anatenda fitina na analipa. Moose anapiga, na kila mara anayepigwa ndiye anayeonekana amekosa.

Kidato cha tatu tulikuwa na mvulana wa namna hiyo. Mwili mkubwa, mkimya, walimu wanampenda kwa sababu alibeba madawati bila kulalamika. Alikuwa na msichana wake, na mvulana yeyote aliyemwazima yule msichana daftari alikutana naye nyuma ya tangi la maji. Watu walicheka, wakasema anapenda kweli. Yule msichana aliacha kuja diskasheni, kisha akaacha kukaa karibu na dirisha. Hakuna aliyemuuliza kitu, mimi nikiwemo darasani pale.

Mtoto wa kaka ananipinga, na anapinga vizuri. Anasema Moose ni mpole, anamsaidia kila mtu, na waandishi walikuja kueleza kwamba ugumu wake wa kusoma ni disleksia. Ni kweli, na nawapongeza. Moose mwenyewe nampenda, ana moyo. Lakini waandishi walioweza kumtazama upya kwenye vitabu vya shule wangeweza pia kumtazama upya kwenye korido. Mimi adui simtambui kwa sura wala kwa nia. Natafuta madhara ambayo hadithi inaniomba niyacheke, halafu natafuta aliyeumia asiyepewa nafasi ya kusema.

Ile tamthilia ya Riverdale iliyoanza mwaka 2017 haikunisaidia katika hili. Waliweka mauaji tangu kipindi cha kwanza, wakamfanya Bwana Lodge kuwa mhalifu mkubwa, na maswali madogo yakazimika yote. Ukiwa na muuaji mjini, nani atahangaika na msichana anayevutwa mkono? Midge mwenyewe walimwua. Nilizima nikaenda kulala, nimekasirika.

Hoja ya mwisho ya mtoto wa kaka bado tunabishana nayo. Anasema Reggie anajua kabisa Midge ana mtu wake, na anamfuata, kwa hiyo anajitakia. Nimemwambia kwamba akimfuata, wa kumkataa ni Midge, kwa maneno yake mwenyewe, na ningelipia bei nzuri kwa kitabu chenye ukurasa huo. Hajakubali. Anamalizia boksi la pili la vitabu vyangu, na kwa sasa kura yake iko kwa Bwana Lodge.