Kumbukumbu ya mradi: Naunda Kubuś kwa bati, kipimo cha 1 kwa 10

Februari 2

Leo nimenunua bati. Nimekaa miezi mitatu nikitazama picha na kuchora kwenye maboksi ya sabuni, na kuchora hakuna gharama. Ila ukishatoa hela ya bati hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo nahesabu mradi umeanza leo.

Ninachounda ni Kubuś, gari la deraya lililotengenezwa na wapiganaji wa Warsaw, Poland, walioinuka kupigana na Wajerumani waliokuwa wameukalia mji wao, Agosti 1944. Lilitengenezwa ndani ya karakana, kwenye mtaa uitwao Tamka, huku mji unapigwa mabomu. Kazi ilichukua takriban wiki mbili.

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, karakana yangu iko Gerezani, Dar es Salaam. Jioni na Jumapili natengeneza mifano ya magari ya vita, lakini yale tu ambayo hayakutoka kiwanda cha silaha. Kifaru cha kiwandani kimechorwa na mainjinia mia, kila kitu kimepangwa kabla ya chuma kukatwa. Gari la kubuniwa karakanani linakuonyesha fundi alikuwa na nini mkononi siku ile, kipi kilimpungukia, na pale kilipopungua akafanyaje. Hilo ndilo ninalolitafuta.

Rafuni nina mawili tayari. La kwanza ni Land Cruiser ya Chad, ndugu wa hizi mkonga tunazoziona kila siku zikitoka mikoani na vumbi lake. Mwaka 1987 Wachadi waliwaendea Walibya jangwani kwa pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya kuvunjia vifaru aina ya MILAN kutoka Ufaransa. Januari 2 wakauchukua mji wa Fada, Machi 22 wakaichukua Ouadi Doum, kambi kubwa yenye uwanja wa ndege, na vita vyenyewe vikabaki na jina la Toyota. Pikapu zile hazikuwa na deraya hata kidogo. Kinga yao ilikuwa mwendo.

La pili ni tanki la Bob Semple, waziri wa ujenzi wa New Zealand, la mwaka 1940 na 1941. Walichukua trekta la Caterpillar D8 wakalivika mabati ya mgongo, wakaweka bunduki sita aina ya Bren, na mpiga bunduki mmoja alilala juu ya godoro lililotandikwa juu ya injini. Watu wengi hulicheka. Mimi siwezi. Wajapani walikuwa wanahofiwa, Uingereza ilikuwa haina silaha za kuwapa watu wa New Zealand, na walichokuwa nacho ni matrekta ya barabara na mafundi wa karakana ya serikali. Mtu aliyeezeka nyumba anajua kwa nini walichagua bati la mgongo: mikunjo inalipatia nguvu ambayo bati bapa halina.

Februari 5

Hesabu ya unene. Deraya ya Kubuś ni bamba la milimita 5 hadi 6. Kwa kipimo changu hiyo ni nusu milimita na kidogo, na bati la geji 26 liko hapo hapo karibu. Nimefurahi sana kuliona hilo, maana kipande kinachokaa kwenye jiriwa yangu kitakuwa na ukaidi unaofanana na wa chuma chao: hakikunjiki vizuri kwa mkono, kinataka makali na nyundo.

Tatizo ni kwamba bati nililouziwa si geji 26. Nimelipima kwa kalipa, limepungua. Bango la dukani lilisema 26 na risiti inasema 26. Nimelirudisha, wakanibadilishia baada ya maneno mengi. Pima kabla hujaondoka kaunta.

Februari 11

Chasi imesimama. Nimeikunja kwa waya mnene, vilevile tulivyokuwa tunakunja magari ya waya utotoni, na matairi nimeyakata kwenye soli za kandambili nyeusi. Nilijaribu plastiki kwanza. Haibonyei. Kandambili inabonyea kidogo gari linapobeba uzito, na hivyo ndivyo tairi la lori lililozidiwa linavyoonekana.

Chini ya deraya Kubuś ni lori la Chevrolet 157, tani tatu. Malori hayo yalikuwa yanaunganishwa Warsaw kwenyewe kabla ya vita, kwenye kiwanda cha Lilpop, Rau i Loewenstein, kwa leseni ya General Motors. Kwa hiyo mafundi wa Tamka hawakushika kitu kigeni. Lori la tani tatu, barabarani kila siku, spea zake zinajulikana. Ni kama mtu aniambie leo nigeuze Canter. Najua ekseli yake inavumilia nini kabla sijalala chini kuitazama.

Februari 19

Maboksi tena. Nakata kila ubao wa bodi kwa kadibodi kwanza, naushika mahali pake, napunguza, naushika tena.

Mhandisi aliyeongoza usanifu ni Walerian Bielecki, na gari halikuwa na michoro kamili. Bamba zilikatwa kwa kufuata umbo la lori na mahitaji yalipojitokeza. Nikiitazama picha ya pembeni naliona hilo. Mbele bamba zinashuka kwa mteremko kuifunika injini, pembeni zinaingia ndani kuelekea juu, na hakuna hata moja iliyopinda kwa mviringo. Mviringo unataka roli au presi. Bamba bapa linataka moto wa kukatia na moto wa kuunganishia, basi. Mteremko nao una faida mbili kwa mpigo: risasi inateleza badala ya kugonga wima, na bamba hilo hilo linakuwa nene zaidi kwa risasi inayokuja moja kwa moja. Jaribu kuchomeka penseli kwenye boksi lililosimama wima, halafu lilaze. Utaona penseli ina safari ndefu zaidi.

Bamba moja lisingetosha kuzuia risasi za bunduki, kwa hiyo wakaweka mbili, moja nyuma ya nyingine. Na mimi nitaweka mbili. Najua hakuna atakayeona la ndani, lakini uzito utabadilika na matairi yatabonyea inavyostahili.

Kingine ambacho kwa fundi wa kuchomelea hakipiti hivi hivi: umeme. Eneo la Powiśle, ambako mtaa wa Tamka uko, ndiko kilikokuwa kituo cha umeme cha mji. Wafanyakazi wake na wapiganaji walikiteka mwanzoni kabisa mwa mapigano, na kikaendelea kuzalisha mpaka mwanzoni mwa Septemba, kikipigwa huku kinafanya kazi. Sisi hapa umeme ukikatika saa mbili tunakaa kwenye ngazi tunakunywa chai. Namfikiria mtu aliyesimama kwenye swichi ya kituo kile.

Februari 26

Wiki mbaya. Nililehemu ubavu wa kulia moja kwa moja, kutoka nyuma kuja mbele, kama mtu anayeshona. Nilipofika kwenye kabini bati lilikuwa limejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Nikaligonga kwa nyundo likazidi kuvimba.

Mzee wa karakana ya jirani alikuja kusimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalishika lile bati akaligeuza mara mbili.

"Moto umeupeleka upande mmoja, mwanangu. Piga vidoti kwanza. Kona hii, kisha kona ya mbali kabisa, kisha katikati. Liache lipoe, ndiyo ujaze."

Nalijua hilo. Kwenye geti la futi kumi ndivyo ninavyofanya kila siku. Ila kwenye bati la nusu milimita nilidhani udogo umeliondoa lile tatizo, kumbe umelizidisha. Nimeung'oa ubavu wote, nimekata mpya, nimepiga vidoti tisa. Umenyooka.

Machi 6

Leo nataka niandike kwa kirefu, kwa sababu ya kitundu kimoja cha sakafuni.

Kubuś hana mlango wa pembeni wala wa nyuma wa kuingilia wapiganaji. Njia ya kuingia na kutoka iko chini, kwenye sakafu. Mtu alilazimika kulala chini ya lori, kujivuta mpaka usawa wa tundu, kisha kujipandisha ndani. Nilipolisoma hili mara ya kwanza niliona ni kosa la usanifu. Nilipofika kwenye kulitengeneza nikabadili mawazo.

Mlango ndio sehemu dhaifu ya kila boksi la chuma. Muulize yeyote anayetengeneza sefu au geti. Ukikata tundu ubavuni unahitaji fremu, bawaba, komeo, na mwanya kuzunguka pande zote nne, na kila mwanya ni njia ya kipande cha chuma kinachoruka. Ukilitoboa sakafuni, umelificha mahali ambapo bunduki ya mtaani haipafikii. Wao walichagua mwili uliozibwa, na gharama yake ikaenda kwa mtu anayeingia.

Ili nijue gharama hiyo ni kiasi gani, mchana nilimwomba dereva wa Canter aliyeleta vyuma asiondoke kwanza. Nikalala chali, nikajivuta chini mpaka kati ya ekseli mbili, nikaanza kuhesabu tangu kisogo kilipogusa sakafu. Mpaka nilipofika mahali ambapo tundu lingekuwa, nimehesabu kumi na nne. Nilikuwa na fulana tu, sakafu kavu, hakuna anayenipiga, na hakuna bunduki kifuani. Kisha nikaunyoosha mkono kushika chasi, kama mtu anayetaka kujipandisha, na kiwiko hakikuwa na pa kwenda. Kilikwama kati ya bega na propela shafti. Nililazimika kuuzungusha mkono wote upya.

Kutoka ni kugumu zaidi. Kuingia unaingilia nyuma ya kizuizi chenu. Kutoka unatokea langoni kwa adui, miguu kwanza, mmoja baada ya mwingine.

Nililala pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Dereva akainama akauliza kama niko salama.

Tundu nimelikata usiku huu. Kifuniko kina bawaba inayofanya kazi kweli.

Machi 15

Kazi ndogondogo, nazipitia haraka. Mianya ya dereva ya kuchungulia imekatwa. Bombomu ni la Kirusi aina ya DP, lile lenye sahani ya risasi juu; sahani yenyewe nimeitengeneza kwa kitufe cha koti. Gari lilibeba pia mtambo wa kurusha moto, na huo nimeufanya kwa bomba la peni.

Msasa siku nzima. Maungio nimeyaacha yaonekane. Rafiki ananiambia niyasage yawe laini, na kwenye geti la mteja ningeyasaga, lakini haya ni maungio ya watu waliokuwa wanakimbizana na siku. Yatabaki.

Machi 23

Baadhi ya watu wameniuliza Kubuś alifanya nini baada ya kumalizika.

Alimalizika usiku wa kuamkia Agosti 23, 1944, na siku hiyo hiyo akapelekwa vitani. Lengo lilikuwa Chuo Kikuu cha Warsaw, ambacho Wajerumani walikishikilia juu ya mteremko. Waliokwenda ni wapiganaji wa kundi la Krybar, na Kubuś alifuatana na gari la deraya la Kijerumani ambalo kundi hilo lilikuwa limeliteka Agosti 14. Gari hilo liliitwa Jaś, baadaye likapewa jina la Szary Wilk, yaani mbwa mwitu wa kijivu, jina la siri la kamanda wake. Waliingia eneo la chuo, lakini hawakuwa na silaha nzito za kuvunja ngome za ndani, ikabidi warudi. Septemba 2 wakajaribu tena. Chuo hakikuchukuliwa. Septemba 6 Powiśle ikaanguka, na Kubuś akaachwa pale alipokuwa.

Mapigano ya mji yalidumu siku 63. Warsaw ikabomolewa mtaa kwa mtaa, lakini lori lile lilikutwa mwaka 1945 likiwa bado limesimama, likapelekwa makumbusho ya jeshi la Poland. Mwaka 2004 ilitengenezwa nakala inayotembea kwa injini. Sijawahi kufika huko. Nikijaliwa kufika, kitu cha kwanza nitakachokiomba ni ruhusa ya kulitazama kwa chini.

Mradi unaofuata ninao tayari kichwani, na huu ni wa kwetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 11, 1915. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikaopolewa, na magurudumu ya kuisafirisha nchi kavu yakatengenezwa hapa Dar es Salaam, kwenye karakana ya reli. Baada ya hapo ikaburutwa na watu, kwa kamba, porini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nani alishika nyundo kwenye karakana ile, ngozi yake rangi gani, alilipwa nini, hayo ndiyo yanayonikaa moyoni kila nikipita kituo cha reli.

Machi 30

Paa linafungwa leo. Kabla ya kulifunga nimechonga watu wa mti, sentimita 17 kila mmoja, maana ndani ya Kubuś walikaa mpaka watu kumi na wawili. Saba wa kwanza walikaa vizuri. Wa nane ikabidi magoti yapishane. Wa kumi na wawili nimemweka ubavu, bega lake liko kwenye mgongo wa mwenzake, na dereva hawezi kugeuka bila kumgusa mtu.

Mpwa wangu, ana miaka tisa, alikuwa ananishikia taa. Nikaweka paa, nikapiga kidoti cha kwanza kona ya kushoto, cha pili kona ya mbali. Akaliinamia gari upande mmoja, akazunguka upande wa pili, akaja nyuma.

"Mjomba, sasa hawa watatokaje?"

Nikamwambia asubiri lipoe, halafu aligeuze mwenyewe.