Udi gizani

Umeme umekatika tangu magharibi na mie wala sijahangaika na mshumaa, nimekaa ukumbini na udi wangu, ala ya nyuzi ya taarabu, napiga bayati, moja ya maqamu (skeli) za muziki wa Kiarabu, na wallahi haijawahi kunitoka tamu kama usiku huu.

Mwaka wa kwanza nilijifunza kwa video za YouTube, napunguza spidi, skeli juu chini juu chini mpaka ncha za vidole zinachubuka. Sasa udi hauna vile vichuma vya shingoni kama gitaa, hakuna cha kukuonyesha noti iko wapi, basi nkabandika vipande vya selotepu nkaviandika kwa kalamu. Nkawa napiga kwa macho. Noti zote zipo, wimbo haupo.

Siku nilompigia maalim wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akazibandua selotepu moja moja kwa kucha. "Mwanangu, uweke chini huo udi. Imba."

Wiki sita sikuugusa. Naosha vyombo naimba, kwenye daladala naimba kimoyomoyo, alfajiri adhana ikitoka nasikiliza sauti inapanda wapi inatulia wapi. Na hapo ndo nkaielewa ile noti ya pili ya bayati. Ukianzia noti ya re, inayofuata si mi wala si mi bemoli, yaani mi iloshushwa nusu hatua, iko katikati yao, kwenye piano haipo kabisa. Kidole cha shahada kikizidi mbele upana wa ukucha tu bayati imekufa, kikirudi nyuma imekuwa kurdi, maqamu nyingine. Tena haikai pahala pamoja, wimbo ukipanda nayo inapanda kidogo, ukishuka inashuka, sasa selotepu itaionyesha vipi? Koo langu lilikuwa lishaijua zamani, kidole ndo kilikuwa nyuma.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, hakujua kusoma, nyimbo alizishika kwa sikio na kuzikariri, na 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Siku hizi namfikiria sana.

Giza ni zoezi la pili la maalim. Aliona naulaza udi nichungulie vidole, mkono unapinda, risha ya kupigia nyuzi inakwaruza. Kwenye giza hakuna cha kuchungulia, udi unasimama wenyewe kifuani, unausikia mbao zake zinatetema mpaka mbavuni. Hilo hakuna video iliyowahi kunambia.

Chaji imebaki asilimia 11, naizima simu nirudi kwenye re.