Waya wa Kahawia

Juzi jioni umeme ulikatika, binti yangu akatia betri kwenye tochi peke yake. Haikuwaka. Akaigonga kiganjani mara mbili tatu, akanijia: "Baba, betri ni mpya, mbona haiwaki?" Nikazitoa, nikazigeuza, nikazirudisha. Ikawaka. Akauliza, "Kwani umeme unajua unakotoka?" Nikamwambia taa nyingine zinajua, nyingine hazijali. Akaondoka na tochi yake, nami nikabaki gizani nikinusa moshi wa Bombo.

Ilikuwa 2010, Bombo, kaskazini ya Kampala, uani kwa Mjomba. Alikuwa na MGB, gari dogo la Kiingereza, nyekundu, ya 1965, ya hudi ya turubai. Mimi nilikuwa na miaka miwili Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, nafunga nyaya za teksi kutwa kucha. Aliniita kwa mambo mawili. Taa za geji zilikuwa hafifu mno, na alikuwa na safari ya usiku, arusi Jinja. Tena alitaka tundu la kuchajia simu. Nikapita Kisekka, soko la vipuri, nikanunua taa za LED na tundu, nikapanda gari la Bombo.

Dashibodi ya gari lile ni bati la chuma lililopakwa rangi nyeusi yenye mikunjo, na ukitaka kuifikia kwa nyuma unalala chali chini ya usukani, miguu juu ya kiti. Nilipomulika humo ndani nilifurahi. Waingereza wa enzi zile walipanga rangi za nyaya vizuri sana: mweusi unakwenda kwenye bodi, yaani bati la gari lenyewe, mweupe unapata umeme ufunguo ukiwashwa, kijani umekwisha pita kwenye fyuzi, mwekundu wenye mstari mweupe ni wa taa za geji. Na kahawia unatoka kwenye betri. Hausubiri ufunguo, na njia nzima hauna fyuzi.

Nikatoa balbu za zamani za wati 2.2, nikatia LED. Hakuna iliyowaka. Nikachukua taa ya kupimia, kibanio nikakibana kwenye bodi, ncha nikaigusisha mwekundu wenye mstari mweupe. Ikawaka. Nikarudisha LED. Giza.

Mita ya umeme ingenionyesha palepale, kwa ile alama ndogo ya kutoa mbele ya namba. Mita ilikuwa ndani ya mfuko wangu, hatua tatu kutoka nilipolala. Lakini nilikwisha amua moyoni kwamba umeme unafika umechoka, kwa sababu ya kile kirungu cha zamani cha kupunguzia mwanga. Nikasema nichote umeme mahali penye nguvu. Nikashika waya wa kahawia nyuma ya swichi ya ufunguo, nikaubambua mpira wake kiasi cha ukucha, nikanyoosha mkono kutafuta kipande cha waya cha kuunganishia.

Ukaniponyoka. Cheche moja ya buluu, ndogo, kwenye ukingo wa bati. Kisha kimya. Kisha nikaona mpira wa waya unang'aa kama umepakwa mafuta, unavimba, na moshi mweupe unatoka taratibu kwenye tundu la geji ya mafuta kama mvuke wa chai. Nikazima ufunguo. Moshi ukazidi. Nikatoka chini ya usukani kwa magoti, nikakimbia mbele, nikafungua boneti, macho yakaenda kulia, kushoto, yakarudi kulia. Hakukuwa na betri. Naiona injini, naiona dainamo, na betri haipo, na nyuma yangu gari la Mjomba linaungua.

"Nyuma ya viti!"

Alikuwa anatawadha kwa ajili ya alasiri. Alikuja mbio, mikono ya kanzu imekunjwa, maji yanamdondoka viwikoni. Akasukuma kiti, akang'oa zulia, akafungua kifuniko, na humo chini zilikuwamo betri mbili za volti 6, zimefungwa kwa mfuatano. Akashika kofia ya waya akaivuta kwa mikono miwili mpaka ikatoka. Nakumbuka matone ya maji juu ya betri, na kidole chake gumba kinavuja damu.

Moshi ukakoma. Akatazama LED mkononi mwangu, akatazama waya mweusi niliokuwa nimeushika.

"Gari hili bodi yake ni chanya," akasema. "Nilidhani unajua, mpwa wangu."

Sikuwa najua kwamba ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. MGB zilikuja kugeuzwa bodi ikawa hasi mwishoni mwa 1967, na magari yote niliyowahi kuyashika Katwe yalikuwa hivyo. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na zangu zilikuwa zinaletewa umeme kwa mlango wa nyuma. Balbu yenye uzi, kama ile ya kupimia, haijali. Nilichokuwa nakosa ni swali moja tu, na mwenye jibu alikuwa uani na birika lake.

Tulifanya kazi siku kumi na moja, arusi ikapita. Nikamwambia tuligeuze kabisa: tubadilishe ncha za betri, tuiamshe dainamo upya, tugeuze nyaya za koili, geji ya mzunguko wa injini niifungue ndani. Akakataa. Mwajiri wake alimwachia gari lile 1972, katika zile siku 90 ambazo Amin aliwapa Waasia kuondoka, akamwambia amtunzie. Pasaka ya 1973 Mjomba alisikia redioni kwamba Shekhar Mehta, Mwasia mzaliwa wa Kampala, ameshinda mbio za magari za Safari na Datsun 240Z. Aliniambia siku ile alikwenda kuliosha gari, kwa sababu aliona bado wapo karibu. "Akirudi, alikute alivyoliacha."

Kisekka hatukupata waya wa kahawia wa unene ule. Tukanunua mwekundu. Mjomba akatoa uzi wa kahawia kwenye cherehani ya mkewe, akaufunga juu ya ule waya kila baada ya shubiri moja, mafundo madogo yaliyokazwa kwa meno, ili fundi atakayekuja asidanganyike. Balbu za wati 2.2 zikarudi mahali pake.

Mjomba hayupo sasa, na mwenye gari hakurudi. Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu: anataka LED, tena na tundu la simu. Siku hizi ziko LED zinazowaka upande wowote utakaozifunga, na chaja inaweza kupewa nyaya zake mbili mbali na bodi, na fyuzi yake yenyewe. Kazi ya asubuhi moja. Nimekwisha nunua vitu, vimo kwenye mfuko pamoja na mita. Ila nikifikiria kuingiza kichwa chini ya ile dashibodi na kukutana na vile vifundo vya uzi, kila shubiri kimoja, naahirisha. Binamu amepiga tena jana, sikupokea.