Pengo langu limesingiziwa miaka mingi

Mbukwenyi jamani. Leo naongelea taya, na najua kuna mtu ataona ni ishu ndogo mpaka siku atakaposhindwa kupiga mwayo.

Nianze na meno yangu, maana hayajakaa sawa na hayajawahi kukaa sawa. Mi nimezaliwa Kongwa mwishoni mwa miaka ya 80, kipindi ambacho mtoto akiharisha na homa ikapanda watu wanamfungua mdomo wanakagua ufizi, wakiona kijivimbe cheupe basi huyo ana meno ya plastiki, na hayo lazima yatolewe la sivyo mtoto anakufa. Mama akanipeleka kwa bibi mmoja anayejua kuyatoa, bibi akachokonoa, nikapona. Au nilipona kwa klorokwini, hatutajua. Meno ya plastiki hayapo, yale yaliyokuwa yanachokolewa ni machonge ya utotoni ambayo hayajaota, bado laini na meupe ndo maana yanafanana na plastiki, na homa yenyewe ilikuwa malaria au tumbo tu. Shida ni kwamba chini yake kuna mbegu ya jino la ukubwani. Kwangu jino la chonge la chini kulia halikuota kabisa, la kushoto likaota limelala ubavu, ya mbele nayo yakahama kufuata pengo, kwaiyo nikifunga mdomo meno ya chini upande wa kulia yanapita nje ya yale ya juu. Shuleni niliitwa Geti Bovu. Watoto hawana huruma aisee.

Sasa ruka mpaka mwaka juzi. Nafanya kazi ya uhasibu ofisi moja hapa Dodoma, ilikuwa Juni, upepo ule wa baridi na vumbi, mji umejaa wageni wa Bunge la bajeti mpaka sehemu ya kula mchana huipati, nikaamka asubuhi sikio la kulia linauma. Nikaenda duka la dawa nikapewa ya matone. Nikaweka wiki nzima, wapi. Maumivu yakapanda kwenye panja, pembeni ya paji la uso, kichwa asubuhi kizito kama nimelala na ndoo juu, afu nikifungua mdomo kunalia "ta!" mbele ya sikio, mlio ambao hata mume wangu aliyekaa upande wa pili wa meza anausikia. Siku moja tuko Msalato, Jumamosi, nyama imeletwa na ndizi zake, nauma kipande cha kwanza mdomo ukagoma. Vidole viwili tu vinapita. Nimekaa pale naangalia watu wanakula.

Nikaenda kliniki moja (jina halina faida) wakaniambia gego ndo linapeleka maumivu sikioni. Likang'olewa. Gego lenyewe nililiona kwenye kile kisahani, halina hata toboo, nikajipa moyo kwamba wao ndo wamesomea. Ganzi ilivyoisha maumivu yakarudi palepale, na sasa nina mapengo mawili.

Kliniki ya pili ndo ilinipata kabisa, maana waliniambia kitu ambacho nilikuwa nakiamini moyoni toka mtoto. Wakasema tatizo ni jinsi meno yako yanavyokutana, hayakutani sawa, kwaiyo kila ukitafuna taya linavutwa upande, kiungo kinachakaa. Dawa yake tuyapunguze kwa mashine yale yanayogusa vibaya, tuyasawazishe, afu tuweke waya. Milioni tatu na nusu, unaweza kulipa kwa awamu. Na jamani inaleta maana! Mlango ukikaa vibaya kwenye fremu si bawaba zinaumia? Nilitoka pale nimefurahi, nimepata wa kumlaumu. Nilimpigia hadi mdogo wangu nikamwambia unaona sasa, yule bibi wa Kongwa kaniharibia taya. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa na milioni tatu na nusu.

Wakati natafuta hela ndo rafiki akanielekeza kwa daktari wa meno mmoja wa hospitali ya serikali. Foleni toka saa moja, nimefika kwake saa sita kasoro. Akaniangalia mdomoni, akabonyeza mashavu, akaweka vidole mbele ya masikio akasema fungua, funga, fungua. Afu akauliza.

"Dada, haya meno yamepinda lini?"

"Toka utoto daktari."

"Na taya limeanza kuuma lini?"

"Mwaka huu Juni."

"Sasa miaka yote hiyo yalikuwa yanasubiri nini?"

Nikakosa jibu. Nilitaka kukasirika lakini nilikosa jibu.

Akanielezea, na nikifika nyumbani nikasoma sana maana mi nikishikwa na kitu silali. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio afu fungua mdomo, utasikia kitu kinatembea, hicho ndo kiungo chenyewe, kiko karibu na sikio kiasi kwamba maumivu yake mtu anayasikia sikioni kabisa. Sio bawaba kama ya mlango, hapo ndo mfano wangu ulipofia. Kwanza kinazunguka, afu ukiendelea kufungua kichwa cha mfupa wa taya kinateleza mbele, kinatoka kwenye shimo lake kidogo, na katikati kuna kisahani cha gegedu, fikiria ile washa ya bomba, kinachotakiwa kuteleza pamoja nacho. Washa ikitangulia mbele, taya linapofunguka linairukia ndo ule mlio wa ta. Ikikwama mbele isirudi, mdomo haufunguki, ndo Msalato yangu ile. Mlio peke yake bila maumivu sio ugonjwa, watu wengi wanao na wanaishi nao mpaka uzeeni bila hata kutibiwa. Na mara nyingi kinachouma wala sio kiungo, ni misuli, ule wa shavuni unaovimba ukiuma meno na ule wa kwenye panja. Yangu ilikuwa migumu kama mpira wa tairi.

Kuhusu meno kupinda, hii imani ina historia yake. Mwaka 1934 daktari mmoja wa masikio wa Marekani, James Costen wa St. Louis, aliandika kuhusu wagonjwa wake wenye maumivu ya sikio na kichwa, akasema chanzo ni kiungo cha taya kukandamizwa kwa sababu magego yametoka na mdomo unafunga kupita kiasi. Toka hapo madaktari wa meno kwa miongo wakawa wanasaga meno ya watu, wanapandisha, wanashusha, ili yakutane sawa na taya lipone. Baadae tafiti zilipoanza kufanywa vizuri, watu wenye meno yaliyopinda wakilinganishwa na wenye meno yaliyonyooka, uhusiano ukaonekana mdogo sana, kuna wenye meno ya kutangazia dawa ya mswaki wanalia na taya na kuna kina Geti Bovu wanavunja mua kwa meno bila shida. Na kusaga meno ili kutibu taya hakukuonekana kusaidia. Mwaka 1996 taasisi za afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu kuhusu hili jambo na walichosisitiza ni kuanza na matibabu yanayoweza kurudishwa nyuma. Hapo ndo nilipopata baridi, maana jino likishasagwa halirudi. Waya nazo hivyohivyo, zinapanga meno na kama unazitaka kwa urembo au kutafuna vizuri weka, ila haziponyi taya na wala sio zinazoliharibu.

Mpaka hapa mtu asije akanielewa vibaya akasema meno na taya havihusiani kabisa. Tofauti ni kama meno yamebadilika ghafla. Umezibwa jino jana, leo ukifunga mdomo ile sehemu inagusa kabla ya nyingine, rudi kwa aliyekuziba, watakuwekea ile karatasi ya rangi uume, wapunguze kidogo, ni dakika tano. Umeanguka na bodaboda ukapiga kidevu, na huku kwetu hilo haliishi, afu meno yaliyokuwa yanakutana hayakutani tena, hapo usinywe panadol ukalala, kidevu kikipigwa mfupa unaweza kuvunjika juu kule karibu na sikio, nenda ukapige picha. Kuna na wale wenye ugonjwa wa viungo, ule wa kuvimba vidole, unaweza kuingia mpaka kwenye taya, mfupa unaliwa taratibu na meno ya mbele yanaanza kuachana. Ona lakini kwamba kwa hao wa mwisho ni kiungo ndo kimebadilisha meno. Hata misuli ikikaza tu mtu anaweza kuhisi meno yake hayakai kama zamani, anakimbilia kuyasaga, kumbe misuli ikilegea yanarudi.

Turudi kwangu. Daktari akauliza unasaga meno usiku? Nikasema hapana. Mume wangu, ambaye nilimwambia abaki nje, alikuwa ameingia nusu, akasema daktari huyu usiku anatafuna changarawe. Yani mwanaume umekaa na siri hiyo miaka sita! Anasema alidhani najua.

Na mchana nabana. Hiki ndo sikuwahi kukifikiria. Meno ya juu na ya chini ukiwa umetulia hayatakiwi kugusana, kunatakiwa nafasi ya milimita chache, yanakutana ukimeza na ukitafuna basi. Wewe unayesoma hapa jiangalie sasa hivi, yamegusana? Mi yangu yalikuwa yamegusana toka saa mbili asubuhi mpaka naondoka ofisini, na Juni ndo mwaka wa fedha unafungwa, tarehe 30 haimsubiri mtu, vocha zimepotea, mkuu anataka ripoti, narudi nyumbani saa tatu usiku. Nilirudi kwenye meseji zangu za zamani na mdogo wangu, nikatafuta neno "kichwa". Juni ya mwaka ule, Juni ya mwaka uliotangulia, na ule uliotangulia huo. Kila mwaka nilikuwa nalalamika kichwa cha asubuhi wakati wa kufunga mahesabu, nikasema ni baridi ya Dodoma. Pengo liko mdomoni miezi kumi na mbili, mbona linauma Juni?

Tiba haikuwa na ujanja mwingi. Nilibandika stika nyekundu kwenye kona ya kompyuta, nyingine kwenye usukani, kila nikiiona naangalia: midomo imefunga, meno yameachana, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele. Siku ya kwanza nilijikuta nimebana kila nilipoangalia, inachosha mpaka unataka kulia. Kitambaa cha maji ya moto mashavuni kama dakika kumi na tano jioni. Ibuprofeni siku chache baada ya chakula, ila mwenye vidonda vya tumbo au figo aulize kwanza. Mwayo nashika kidevu. Chakula laini, na hapa nawapa hongera Wagogo wenzangu maana ugali wa uwele na mlenda hauhitaji taya kabisa, unateremka wenyewe. Mahindi ya kuchoma, mua, karanga na bigijii niliacha kama wiki sita. Zoezi la kufungua mdomo taratibu mbele ya kioo ulimi ukiwa umegusa juu. Na nilitengenezewa kile kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, laki moja na nusu. Hakizuii kusaga, kinayakinga meno na misuli inapumzika kiasi, na ukichoka nacho unakitoa, meno yako yako palepale.

Wiki ya tatu vidole viwili na nusu. Kama miezi miwili hivi, vitatu. Mlio bado upo, nikila chapati ngumu unalia, tumezoeana. Juni iliyopita maumivu yalipiga hodi nikaongeza stika na nikaomba ruhusa ya siku mbili, yakapita.

Ila kuna simu nilikuwa nadaiwa. Maneno yangu kuhusu yule bibi yalikuwa yamemfikia mama, mdogo wangu hana breki, na mama alikuwa kimya toka siku hizo, akipiga anauliza watoto tu. Nikampigia Jumapili, nikamwamkia, nikamwambia mama, nimeenda kwa daktari mkubwa, kasema taya haliumi kwa sababu ya lile pengo. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Ulikuwa huna hata nguvu ya kulia, mwanangu. Ulikuwa umelegea hapa mkononi."

"Najua mama."

"Sasa wanasema ni nini?"

Nikamwambia nasaga meno usiku. Nikasikia anacheka, cheko lile la kujifuta na kanga.

"Hilo sasa umetoa kwa baba yako. Huyo alikuwa analala kama jiwe la kusagia uwele, mimi nikahamia chumba cha kuku."